Kabla Mbuga Haijajaa Maji

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, na asubuhi kijiji kizima cha Ipililo kilikuwa nje. Huyu alitazama paa lake, yule alitazama shamba lake. Milembe alikwenda zizini kumtazama ng'ombe wake.

Ng'ombe huyo aliitwa Polisi. Alikuwa maksai mkubwa mwekundu, na jina hilo alilipata kwa tabia yake. Hakupenda ng'ombe mwingine apite mbele yake bila ruhusa. Milembe alimkuna shingoni, mahali pale nira inapokaa.

"Haya baba, kazi imefika," alimwambia.

Watoto wake pacha, Kulwa na Doto, walikuwa jikoni wakinywa uji kabla ya kwenda shule.

"Mama, leo mnalima kwa nani?" Doto aliuliza.

"Leo tunaanza kwetu, mbugani."

Alisema kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Kumbe hakuna mtu aliyekuwa ameamua. Milembe alikuwa amejiambia mwenyewe tangu mwaka jana. Alijiambia mara nyingi mpaka akaamini kwamba na wengine wamesikia.

Milembe hakuwa na jozi ya ng'ombe. Alikuwa na Polisi tu. Shemeji yake Yakobo alikuwa na maksai mwingine, mweupe, mpole, aliyeitwa Babu. Jirani yao Method alikuwa na plau. Nyumba hizo tatu zililima pamoja. Milembe alitangulia mbele akiwaongoza ng'ombe, Yakobo alitembea pembeni na fimbo, Method alishika mikono ya plau nyuma. Ukiondoa kimoja hapo, vilivyobaki ni pambo la uani.

Aliyeanzisha umoja huo ni Jilala, mume wa Milembe, kaka mkubwa wa Yakobo. Yeye ndiye aliyewafundisha Polisi na Babu tangu wakiwa ndama. Polisi alivuta upande wa kulia, Babu upande wa kushoto. Na utaratibu wao ulikuwa ule wa wazee: plau linaanza katika shamba la mkubwa. Kwa hiyo kila mwaka lilianza kwa Jilala.

Kisha Jilala akafariki. Msimu uliofuata Yakobo akawa ndiye mkubwa, na plau likaanza kwake. Milembe hakusema neno. Walipofika kwake, mbuga ilikuwa imejaa maji. Mbuga ni udongo mweusi wa bondeni. Ikiwa kavu ni ngumu kama tofali, ikilowa kidogo inalimika, ikilowa sana inameza miguu ya ng'ombe. Nusu ya majaruba yake ya mpunga haikulimwa. Mwaka ule walikula ugali wa mtama mpaka pacha wakasahau harufu ya wali.

Basi asubuhi ile Milembe alimfungua Polisi, akaenda naye kwa Yakobo.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka, mayu," Yakobo alimwitikia kwa Kisukuma, akimwita mama. "Umeamkaje?"

Yakobo alikuwa ameshamvisha Babu kamba. Method alikuwa amechuchumaa karibu na plau lake.

"Mlete Polisi hapa," Yakobo alisema. "Tunapanda juu, kwangu."

"Mwaka huu tunaanza mbugani."

"Nani amesema?"

"Mimi nasema."

Yakobo alicheka kidogo, na kicheko kile ndicho kilichoharibu. "Shemeji, utaratibu unaujua. Tunaanza kwa mkubwa. Ndivyo kaka alivyotuachia."

"Kaka yako alipokuwa hai, wewe hukuujua ukubwa. Umeujua alipokufa."

"Na wewe tangu afe huambiliki. Mwanamke gani anawapangia watu zamu za ng'ombe?"

"Mwanamke mwenye ng'ombe."

Method aliinamisha kichwa na kukaza bolti ya plau. Bolti yenyewe ilikuwa imekazwa tangu jana.

Milembe akamgeuza Polisi, wakarudi nyumbani. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hawa walijikwaa wote wawili, na hakuna aliyeinama kujitazama kidonda.

Siku zilizofuata zilikuwa za kuchekesha kwa wapita njia, lakini si kwa wenyewe. Milembe alikwenda kwa mzee Maduhu kuazima maksai. Akampata, na plau la kuazima akapata. Lakini maksai wa Maduhu naye alizoea kuvuta kulia. Alipofungwa kushoto alimsukuma Polisi ili arudi upande wake. Polisi, kwa tabia ile ya kipolisi, akamsukuma vilevile. Wakazunguka kama watu wanaogombea mlango. Mpaka jua linakuwa kali, walikuwa wamechora duara moja baya katikati ya jaruba.

Kule juu, Yakobo naye alimfunga Babu na dume changa lisilojua nira. Dume lilivuta hatua chache, likalala chini. Walilipiga, walilibembeleza, halikuinuka. Babu alisimama kando, akageuza kichwa kutazama upande wa bondeni, kwa Milembe.

Mvua ya pili ikanyesha. Milembe alikwenda mbugani, akachukua udongo, akaubana mkononi. Ulishikana vizuri, ulikuwa tayari kwa plau. Mvua nyingine kubwa mbili tatu zingekuja, mbuga ingejaa na mlango ungefungwa. Alisimama pale akaogopa. Hakuogopa njaa peke yake. Aliogopa kwamba ile ndoa iliyomleta Ipililo, ikampa shemeji, wifi na majirani, sasa inafumuka uzi mmoja mmoja.

Wifi huyo alikuwa Elina, mke wa Yakobo. Tangu zamani walichota maji pamoja. Lakini wiki zile Elina hakuonekana kisimani. Milembe alijiambia, "Naye amechagua upande." Jambo hilo lilimuuma kuliko maneno ya Yakobo.

Bibi shamba wa kata yao, afisa wa kilimo, aliitwa Precious. Alikuwa kijana mwenye pikipiki na buti zilizokuwa na tope muda wote. Alipita kuona kama watu wanapanda kwa wakati. Alipofika kwa Method alikuta plau limeegeshwa ukutani.

"Mvua mbili zimenyesha," alisema. "Mbona hamlimi?"

Method alimweleza. Precious akawaita wote watatu palepale.

"Jamani, ninyi ni ndugu," aliwaambia. "Hasira hasara. Yaliyopita yamepita. Shikaneni mikono, kesho mwende shamba."

Wakashikana mikono. Yakobo alitazama juu, Milembe alitazama chini. Kesho yake hakwenda mtu shambani.

Precious alirudi. Safari hii alipitia kwa Milembe kwanza, akaketi kwenye kigoda, akakubali maji ya kunywa.

"Mama Kulwa, juzi nilikosea," alisema. "Niliwashikisha mikono kabla hamjasikilizana. Nataka nikuulize. Unataka nini?"

"Nataka plau lianze kwangu."

"Kwa nini?"

Milembe alimweleza habari ya mbuga, na maji, na mpunga uliopotea.

"Yakobo anajua hayo?"

"Anajua. Aliona kwa macho yake."

"Uliwahi kumwambia?"

Milembe hakuwahi kumwambia.

"Na yeye kwa nini anataka kuanza?"

"Ukubwa tu. Anataka aonekane."

"Alikuambia hivyo?"

Milembe alitikisa kichwa. Precious hakumcheka.

"Mnagombania zamu ya kwanza," alisema. "Zamu ya kwanza ni moja, haigawanyiki. Mkibaki hapo, lazima mmoja ashinde na mwingine ashindwe. Na anayeshindwa leo anasubiri kulipiza kesho. Lakini kila mtu ana sababu chini ya anachodai. Sababu hizo hamjazitoa. Huenda zamu zenu hazipatani, lakini sababu zikapatana."

"Na zisipopatana?"

"Basi tutakuwa tumesikilizana kabla ya kushindwa. Kwa sasa mmeshindwa hata kabla ya kusikilizana."

Aliondoka akaenda kwa Yakobo, na kwa Method pia. Alipotoka kwa Yakobo alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa jambo asiloruhusiwa kulisema. Akawaomba wote wakutane jioni kwa Method, mahali ambapo si kwa Milembe wala si kwa Yakobo.

Gloria, mke wa Method, alichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaweka karanga pembeni. Watu wakiwa na kitu cha kutafuna, hasira hukosa nafasi mdomoni. Waliketi barazani.

"Tutafanya hivi," Precious alisema. "Mmoja anaongea, wengine wanasikiliza. Akimaliza, anayetaka kumjibu ataanza kwa kurudisha neno lake. Yaani aseme alivyosikia. Mwenye neno akikubali kwamba ndivyo alivyosema, ndipo mwingine ajibu. Na tusiseme tabia ya mtu. Tuseme jambo lililotokea, lilivyotuuma, na tunachohitaji. Mama Kulwa, anza."

Milembe alikohoa. "Huyu Yakobo amezoea kudharau..."

"Hiyo ni tabia," Precious alisema kwa upole. "Sema jambo."

Milembe aliitazama mikono yake. Alipoanza tena, sauti ilikuwa nyingine.

"Mwaka jana plau lilianza juu. Lilipofika kwangu, mbuga ilikuwa imejaa. Nilipoteza nusu ya mpunga. Lakini hata kabla ya mpunga, siku ile mlipopita mlangoni kwangu na ng'ombe mkaenda juu, niliona kama mnamzika Jilala mara ya pili. Niliona kwamba alipokufa yeye, na mimi nimetolewa kwenye hesabu ya nyumba hii. Ninahitaji mbuga ilimwe kabla ya maji. Na ninahitaji kujua kama mimi bado ni wenu."

Hakuna aliyetafuna.

"Mzee Yakobo," Precious alisema, "rudisha neno lake."

"Amesema mimi ni mroho wa ukubwa."

"Nimesema hivyo?" Milembe aliuliza.

Method akacheka bila kutaka. Hata Yakobo akatabasamu kwa aibu.

"Haya. Amesema... mbuga yake ikijaa hailimiki, na mwaka jana alipoteza nusu." Alivua kofia, akaishika magotini. "Amesema tulipopita mlangoni kwake... aliona kama tunamzika kaka..."

Hakuweza kumaliza. Walimsubiri.

"Na anauliza kama bado ni wetu," alisema mwishowe.

"Ndiyo," Milembe alisema. "Ndivyo nilivyosema."

"Shemeji, mimi sikujua. Hukusema kitu mwaka jana. Nikadhani umeridhika."

"Nilinyamaza nikidhani unaona."

Zamu ya Yakobo ilipofika, aliizungusha kofia yake mara nyingi. Alisema shamba lake ni la mchanga, kisha akasema pamba inataka mapema. Kila mtu aliona kwamba bado hajasema.

"Mimi ndiye niliyemfunga mdomo."

Aliyesema alikuwa Elina. Alikuwa amekuja polepole kutoka nyumbani, akiwa amejifunga khanga mbili, na sasa alijishikilia kwenye nguzo ya baraza. Alikuwa amekonda. Milembe alimtazama akashtuka, kwa sababu alijua kwamba wiki hizi zote hakumtazama, alimnunia tu.

Gloria alimletea kiti.

"Nina uvimbe kwenye kizazi," Elina alisema. "Damu inatoka sana. Hospitali ya Bariadi wamenipangia upasuaji. Yakobo lazima awe nami, na baada ya hapo sitashika jembe msimu mzima. Nilimwambia asiseme kwa mtu. Niliogopa maneno ya kijiji. Wangesema nimerogwa, au ninaoza. Kwa hiyo alikuwa anataka shamba lilimwe kabla hatujaondoka, na hakuweza kusema kwa nini. Bibi shamba aliniuliza kama naweza kusema mwenyewe. Nimekuja kusema."

Milembe ndiye aliyetakiwa kurudisha neno hilo. Alijaribu.

"Umesema unaumwa," alisema, "na umesema uliogopa." Machozi yalimtoka. "Wifi yangu, uliogopa hata mimi?"

"Wewe ulikuwa umenuna."

"Nilidhani umechagua upande."

"Nilikuwa nimelala."

Milembe aliinuka, akaenda kuchuchumaa karibu na kiti cha Elina, akaushika mkono wake. Precious aliacha muda upite. Kuna mambo ambayo bibi shamba hafundishi.

Kisha alimgeukia Method. "Na wewe baba?"

"Mimi sina neno."

"Una bega. Tangu tumekaa unalishika."

Gloria alimtazama mumewe kwa jicho la kusema, nilikuambia. Method akakiri. Mbuga ikiwa nzito, plau linamvuta bega, na jioni hawezi kuinua kikombe. Angependa walime asubuhi tu. "Lakini sikutaka kuongeza ugomvi. Nilijua pia kwamba mbuga ikicheleweshwa inaharibika. Nilijua tangu mwaka jana. Nilinyamaza nikadhani kunyamaza ni amani."

"Kumbe ulikuwa unakaza bolti," Yakobo alisema, na kicheko cha mara hii hakikumuumiza mtu.

"Sasa tazameni," Precious alisema. "Mwanzo mlikuwa na shida moja: nani aanze. Sasa mnajua shida zenyewe. Mbuga isije ikajaa. Elina atibiwe bila Yakobo kuwaza shamba. Bega la Method lipone. Hizi si shida za mtu na mtu. Ni shida za kikosi chenu chote, ziko mbele yenu, na ninyi mko upande mmoja. Toeni mawazo. Msikatae lolote mpaka yote yawe mezani."

Wakatoa. Method alisema wagawe siku, asubuhi chini, jioni juu. Yakobo alisema atafute trekta. Gloria alisema, "Mnasahau kwamba na mimi nina miguu. Yakobo akiondoka, fimbo nashika mimi." Elina alisema mchanga wa juu unalimika hata mvua zikichanganya, unahitaji tu watu. Milembe alisikiliza hilo la mwisho, akalipima.

"Basi tuanze na majaruba ya chini, yanayojaa kwanza," alisema. "Tulime asubuhi tu. Yakiisha, tupande juu kwa Yakobo. Yakobo akiwa ameondoka, nitalima shamba lake kama langu, na pamba nitapanda mimi na Gloria. Halafu ndipo turudi mbugani kumalizia majaruba yangu ya juu, na shamba la Method ambalo halina haraka."

"Rudisha neno lake, baba," Precious alimwambia Yakobo.

Yakobo alirudisha lote, bila kukosea.

Kesho yake Polisi na Babu walifungwa pamoja. Babu alinusa shingo ya mwenzake. Polisi alijifanya hajamwona, kisha akamlamba sikio. Wakavuta. Udongo mweusi ukapinduka mzito na laini, na korongo wakashuka kufuata wadudu.

Walilima asubuhi baada ya asubuhi. Lakini mpango wa binadamu ni mpango. Jaruba la chini la mwisho lilikuwa bado nusu, Yakobo alipokuja amechelewa, uso umesawijika. Elina alikuwa ameanguka uani. Muuguzi wa zahanati alisema damu imepungua sana, wasisubiri tarehe, waende Bariadi siku ileile.

Alisimama kando ya ng'ombe. Hakusema walime kwake kwanza. Lakini Milembe aliona macho yake yalivyotazama juu, kwenye shamba lake kavu lisiloguswa.

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwake: tulikubaliana. Lilikuwa neno la kweli kabisa. Precious hakuwepo kulizuia. Milembe alilimeza mwenyewe.

"Shemeji, ngoja," alisema. "Nirudishe neno lako hata kama hujalisema. Unaogopa kwamba utakaa hospitalini na mawazo mawili. Moja la mgonjwa, moja la shamba."

"Ndivyo," Yakobo alisema.

"Na mimi naogopa nusu hii ya jaruba."

"Unaogopa likijaa, utahangaika tena mwaka mzima kama mwaka jana," Yakobo alisema.

"Ndivyo."

Walitazamana. Mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa ziwa. Method alisimama wima nyuma ya plau, na safari hii hakukaza chochote.

"Mimi naona hivi," Method alisema. "Nusu hii tunaimaliza leo. Bega litanisamehe. Kesho alfajiri tuko juu. Mvua ikituwahi, majaruba ya juu ya mama Kulwa ndiyo yatakayopata hasara, si haya ya chini. Mama Kulwa, hilo unaliweza?"

Milembe alifikiri. Majaruba yale ya juu yalikuwa madogo, lakini yalikuwa yake. Hakuna aliyemharakisha.

"Naliweza," alisema. "Nimelichagua."

Yakobo aliishika kamba ya Babu, akaivuta, akaiweka mkononi mwa Milembe. Alikuwa hajawahi kumwacha ng'ombe yule alale nje ya zizi lake.

"Alale kwako," alisema. "Nenda naye mpaka nirudi. Wewe ni wetu, shemeji. Nilitakiwa kusema siku ile barazani, nikashindwa na koo."

Akaenda haraka, kwa sababu bodaboda ilikuwa ikisubiri, na kwa sababu mwanamume wa Ipililo hapendi kuonekana akilia mbele ya ng'ombe.

Walimaliza jaruba. Kesho yake walipanda juu, Gloria akiwa na fimbo, akiwasemesha ng'ombe kuliko kuwachapa. Walilima shamba lote la Yakobo. Milembe na Gloria walipanda pamba, wakifukia kwa miguu. Mvua kubwa ilikuja siku walipomaliza. Majaruba madogo ya Milembe yalijaa kabla plau halijarudi, kama walivyoogopa. Alikwenda kuyatazama, akasikitika, kisha akaenda kuyatazama ya chini. Mpunga uliopandwa mapema ulikuwa umeota, kijani mpaka kwenye kingo.

Jioni alimpigia Yakobo simu. "Pamba imepandwa. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Upasuaji umekwenda salama. Ameongezwa damu. Anakuuliza kama unakula."

"Mwambie nakula. Mwambie alale."

Elina alirudi pamba ikiwa imekwisha kuchipua. Aliteremka kwenye gari polepole, Yakobo akimshika mkono. Majirani walikuwa wamekuja, na hakuna aliyenong'ona habari ya uchawi. Bibi shamba alikuwa amepita, akawaeleza wanawake wa kijiji kuhusu uvimbe wa kizazi, na wawili kati yao walikwenda zahanati kwa ajili ya jambo ambalo na wao walikuwa wakilificha.

Gloria alikuwa ametandika kitanda. Elina akakataa kuingia ndani.

"Nataka kuona shamba kwanza," alisema.

Wakaenda naye mpaka ukingoni. Mistari ya pamba ilishuka mpaka kwenye mpaka, majani mawili mawili, mengine yakiwa bado yamevaa ganda la mbegu. Yakobo aliitazama, naye mazoea ni mazoea.

"Mistari imepinda," alisema.

"Babu alikuwa anageuka kukutafuta," Milembe alimjibu.

Elina alicheka, akajishika tumbo. "Msinichekeshe. Mshono."

Alitaka kuugusa mche, lakini hakuweza kuinama. Milembe aliinama badala yake. Aling'oa mche mmoja pale ilipoota mitatu pamoja, akaupangusa udongo, akauweka katikati ya kiganja cha Elina.

Elina aliutazama, kisha akatazama shamba. "Mlipanda lote," alisema. "Hata upande huu wa mawe."

"Lote."

"Na majaruba yako ya juu?"

"Yalijaa maji."

Elina aliinua macho. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Basi mwaka huu mchele tutakaonunua sisi tutakula pamoja, na wako utakaovuna tutakula pamoja. Usinibishie, mimi ni mgonjwa."

"Sikubishii," Milembe alisema. "Narudisha neno lako. Umesema tutakula pamoja."

"Ndivyo," Elina alisema. "Ndivyo nilivyosema."